Mtambo Ukisimama Njiani: Namna ya Kutafuta Ubovu wa Sensa ya Mwendo wa Injini

Ndugu Wanachama,

Wengi wenu mmetaka kujua kwa nini greda au kijiko kilichokodiwa kutengeneza njia ya mashambani huweza kusimama siku nyingi kwa sababu ya kitu kisichozidi ukubwa wa kidole gumba. Swali hili ni la haki, kwani mtambo ukisimama hasara si ya mwenye mtambo peke yake. Njia isipokwisha kabla ya mvua, gari haliingii shambani. Na karafuu mbichi zikirundikwa kwa kungojea gari huvunda, na zikivunda daraja yake hushuka. Tena mara nyingi hati ya bei ya kipuri huletwa mezani kwa kamati ya njia ili itiwe saini, na wenye kutia saini ni sisi wakulima.

Makala haya hayakusudii kumfanya mkulima awe fundi. Yakusudia ajue jambo linavyokwenda, apate kuuliza swali la maana kabla ya kutoa fedha. Na neno lenyewe ni hili: mtambo ukionyesha hitilafu ya sensa ya mwendo, hausemi kwamba sensa imekufa. Wasema kwamba habari za mwendo wa injini hazifiki, au hazifiki sawasawa. Baina ya maneno hayo mawili pana tofauti kubwa, na ndani ya tofauti hiyo ndimo fedha zinamopotea.

SENSA NI KITU GANI

Injini haina budi ipimwe inazunguka kwa kasi gani, ili ipewe dizeli ya kuitosha. Zamani kazi hii ilifanywa na chuma kitupu. Mwaka 1788 Bwana James Watt wa Scotland alitia katika injini ya mvuke mipira miwili ya chuma yenye kuzunguka. Injini ikienda mbio mipira hutanuka na kuubana mvuke, ikilegea mipira hushuka na kuufungulia. Gavana za injini nyingi za dizeli zilifuata njia hiyo hiyo ya uzito unaozunguka, na mitambo ya zamani yenye gavana hizo ingaliko kazini.

Katika mitambo mingi ya siku hizi kazi hiyo imepewa kompyuta ya injini. Yenyewe ndiyo inayoamua dizeli kiasi gani iingie katika kila nozeli, na kwa wakati gani. Lakini kompyuta haina macho. Macho yake ni kitambuzi ambacho mafundi wetu hukiita sensa, na hii si ile sensa ya kuhesabu watu, ingawa nayo kazi yake ni kuhesabu.

Sensa hiyo hufungwa karibu na gurudumu lenye meno, aghalabu penye flaiwili nyuma ya injini, au mbele penye krankshafti. Haligusi gurudumu, hulitazama tu kwa karibu. Kila jino likipita, pigo moja la umeme hupelekwa kwenye kompyuta. Gurudumu likiwa na meno 60, na injini ikizunguka mara 1,800 kwa dakika, yaani mara 30 kwa sekunde, basi mapigo 1,800 hupita katika kila sekunde moja. Katika injini nyingi jino moja au mawili huachwa makusudi, ili kompyuta ijue mzunguko unapoanza, kama vile mwenye kuvuta tasbihi anavyojua kwa ile punje kubwa kuwa amekwisha zunguka.

Injini nyingi zina sensa mbili, moja ya krankshafti na moja ya kamshafti. Moja ikipotea, baadhi ya injini huendelea kwa kutegemea ile ya pili, ila huwa nzito kuwaka. Zikipotea zote mbili, injini huzima, maana kompyuta haiwezi kutia dizeli kwa kubahatisha.

AINA MBILI, NA UPIMAJI WAKE MBALI MBALI

Aina ya kwanza kwa kawaida ina waya mbili. Ndani yake mna sumaku na koili ya waya mwembamba. Jino la chuma likipita mbele ya sumaku, nguvu ya sumaku hubadilika ndani ya koili na umeme huzaliwa. Jambo hili alilivumbua Bwana Michael Faraday mjini London mwaka 1831. Sensa ya namna hii haitaki umeme wa betri, hujitengenezea wake. Injini ikizunguka polepole umeme huo huwa mdogo, ikizunguka mbio huzidi.

Aina ya pili kwa kawaida ina waya tatu: mmoja huleta umeme, aghalabu volti 5, wa pili ni wa ethi, na wa tatu hupeleka habari. Hii yatokana na jambo alilolivumbua Bwana Edwin Hall wa Marekani mwaka 1879. Sensa hii haizai umeme; ikikosa umeme wa kuletewa huwa bubu, hata ikiwa nzima kabisa.

Tofauti hii yafaa ishikwe, kwani kipimo cha aina ya kwanza hakifai kwa aina ya pili. Fundi anayeipima sensa ya waya tatu kwa kipimo cha omu kama apimavyo koili, hapati jibu la kutegemea, na huenda akaiharibu.

DALILI ZAKE

Dalili ya kwanza: stata yazungusha injini vizuri, lakini injini haiwaki wala haitoi moshi katika ekzosi. Kukosa moshi kwaonyesha kuwa dizeli haiingii. Hapo utazame mshale wa mizunguko wakati stata inazungusha. Usiponyanyuka hata kidogo, shaka ya sensa huzidi. Lakini fahamu kwamba katika baadhi ya mitambo mshale huo hupata habari zake kutoka kwa alternata, basi mshale peke yake si shahidi wa kutosha.

Dalili ya pili: injini huzima kwa ghafla kama iliyofungwa ufunguo, kisha ikipoa huwaka tena. Koili iliyovunjika ndani hushikana ikiwa baridi na kuachana ikipata moto.

Dalili ya tatu: injini huchukua muda mrefu kuwaka, na ikishawaka huenda vizuri au hupungukiwa nguvu.

Dalili ya nne ni ya baadhi ya vijiko vya zamani ambavyo dizeli yake hupelekwa na pampu ya kawaida, bali sensa hutumika kulinganisha kazi ya pampu ya mafuta ya haidroliki na nguvu ya injini. Humo injini haizimi. Mkono wa kijiko ndio unaokuwa mzito.

Msichanganye dalili hizi na taabu ya dizeli. Filta ikiziba, nguvu hupungua kidogo kidogo na injini hulalamika ikipandishwa mlima. Hewa ikiingia katika dizeli, injini hukohoa kabla ya kuzima. Na betri zikiwa dhaifu, stata huzungusha polepole mno hata sensa ya waya mbili isiweze kuzaa umeme wa kutosha kusomwa. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu sensa, betri zipimwe.

NAMBA YA HITILAFU YASEMA NINI

Mitambo ya siku hizi huandika namba ya hitilafu katika kioo cha dereva. Nyingi hufuata kanuni ya chama cha mainjinia cha SAE cha Marekani iitwayo J1939. Katika kanuni hiyo namba 190 ni mwendo wa injini, 636 ni sensa ya krankshafti, na 723 ni sensa ya pili ya mwendo, ambayo aghalabu ni ya kamshafti. Katika mitambo mingi ya Komatsu utaona CA689 kwa sensa kuu, CA778 kwa sensa ya akiba, na CA115 zikikosekana zote mbili.

Katika kanuni ya J1939 namba hiyo ya kwanza hufuatwa na namba ya pili iitwayo FMI, na hiyo ndiyo yenye faida kubwa, ingawa wengi huipuuza. FMI 2 ni habari zisizotulia, zinazokuja na kukatika. FMI 3 ni umeme uliozidi kiasi, na 4 ni umeme uliopungua. Zote mbili huweza kuletwa na waya uliokatika au uliogusana na mwingine. FMI 5 aghalabu ni njia iliyokatika. FMI 8 ni mapigo yasiyo ya kawaida, na hapo meno ya gurudumu na nafasi ya sensa yafaa vitazamwe.

Tazameni basi: katika hizo zote, waya, soketi na meno vyaweza kuwa ndio wenye kosa, na sensa ikawa haina dhambi. Namba hukuonyesha njia aliyopita mwizi. Haikutajii jina lake.

KUPIMA KWA TARATIBU

Kwanza usalama. Mtambo uwekwe mahali pa sawa, ndoo au kisu kishushwe chini, magurudumu yawekewe kizuizi, ufunguo utolewe, na swichi kuu ya betri izimwe. Kila inapobidi kuzungusha stata kwa kupima, watu wote wajitenge na feni na mikanda, na mtu mmoja awe kwenye ufunguo, kwa kuwa injini yenye sensa mbili huweza kuwaka hata moja ikiwa imetolewa.

1. Macho kabla ya mita. Fuata waya wa sensa tangu mwanzo hadi mwisho. Tafuta palipochubuliwa na kishikizo cha chuma, palipoungua karibu na ekzosi, na palipotafunwa na panya, maana mtambo uliolazwa shambani huwa nyumba ya panya. Fungua soketi utazame ndani. Katika visiwa vyetu hewa ya chumvi huzaa kutu ya kijani juu ya shaba, na kutu hiyo hukata habari ingawa waya ni mzima. Soketi yenye kutu isafishwe kwa dawa ya kusafishia umeme, ikauke, ndipo ijaribiwe tena.

2. Toa sensa uitazame uso. Kwa kuwa ina sumaku, hukusanya unga wa chuma mpaka ukawa kama ndevu, na ndevu hizo huifumba macho. Ifute kwa kitambaa tu. Lakini ukiona uso umekwaruzwa au umegongwa, usiridhike kuitia mpya, kwani jino limeigusa. Huenda gurudumu limepinda, bolti zimelegea, au krankshafti inacheza kuliko kiasi chake. Sensa mpya itakufa kifo kile kile.

3. Pima koili, kwa sensa ya waya mbili tu. Ikiwa soketi imefunguliwa, testa iwekwe kwenye omu. Koili nzima husoma kuanzia mamia ya omu mpaka elfu chache, kwa kadiri ya mtengenezaji wake. Kipimo cha haki ni kile kilichoandikwa katika kitabu cha mtambo huo. Isiposoma kitu, koili imekatika. Ikisoma karibu na sifuri, imepiga shoti. Kisha ipimwe mara ya pili ikiwa na moto, kwani yenye ubovu wa joto hujifanya nzima ikiwa baridi.

4. Pima umeme wake. Testa iwekwe kwenye volti za AC, na injini izungushwe kwa stata. Sensa nzima ya waya mbili, iliyofungwa kwa nafasi yake, aghalabu hutoa volti 1 au zaidi. Ikiwa koili ni nzima na umeme hautoki, kosa ni nafasi au meno. Kwa sensa ya waya tatu, fungua soketi, washa ufunguo bila ya kuwasha injini, upime umeme unaoletwa baina ya waya wa umeme na wa ethi. Kama haupo, usiiguse sensa. Tafuta umeme ulikopotelea.

5. Pima waya wenyewe. Soketi zote mbili, ya sensa na ya kompyuta, zifunguliwe na betri ikatwe. Kila waya ukipimwa ncha kwa ncha usome karibu na sifuri. Ukipimwa na bodi ya mtambo usisome kitu. Na baina ya waya na waya pia usisome kitu. Wakati wa kupima, mtu mwingine autikise waya kila mahali. Usomaji ukiruka kwa kutikiswa, hapo ndipo penye mvunjiko. Wala waya usitobolewe kwa sindano ili upimwe, kwani kitundu hicho ni mlango wa maji ya chumvi, na kosa la mwezi ujao huwa limekwisha pandwa leo.

6. Weka nafasi sawa. Baadhi ya sensa huzungushwa kuingia kama bolti. Kwanza chungulia shimoni uhakikishe kwamba jino, si pengo, liko mbele ya shimo. Ikiingia penye pengo, jino la kwanza likizunguka litaivunja. Izungushwe kwa mkono mpaka iguse jino, kisha irudishwe nusu mzunguko mpaka robo tatu, ndipo nati yake ikazwe. Ikiwa hatua ya meno yake ya kukazia ni milimita 1.5, nusu mzunguko ni milimita 0.75. Kitabu cha mtambo kikitaja kipimo kingine, kifuatwe kitabu. Zile za kufungwa kwa bolti moja hazina kurekebishwa. Zikae bapa mahali pake, pete ya mpira ya zamani isisahauliwe shimoni, wala zisiwekewe washa chini yake.

Katika msimu mmoja uliopita, kijiko kilichokuwa kikichimba mitaro ya njia ya mashambani kilikuwa kikizima kila kilipopata joto. Sensa ilinunuliwa mjini, ikafungwa, kikazima. Ikanunuliwa ya pili, kikazima. Siku tisa zilipita, na mitaro ikajaa maji kabla ya kujengewa. Siku ya kumi fundi mwingine aliufuata waya kwa mkono mpaka chini ya injini, akaukuta umesuguana na kishikizo cha chuma hata shaba ikaonekana. Injini ilipopata joto na kutikisika, shaba iligusa chuma na habari zikakatika. Dawa ilikuwa kipande cha waya, mpira wa kufunikia na kamba ya kufungia. Sensa zile mbili zilikuwa nzima, na fedha zake hazikurudi.

MASWALI MATATU YA KAMATI

Kwa hivyo hati ya bei ya sensa ya mwendo ikiletwa, wajumbe wa kamati waulize kwa adabu maswali haya matatu, nayo yajibiwe kabla ya saini.

La kwanza: namba ya hitilafu ni ipi, yote kamili pamoja na ile ya pili? La pili: waya na soketi zimepimwa, na testa ilisoma nini? La tatu: sensa ya zamani ilisoma nini, ikiwa baridi na ikiwa na moto, na uso wake ukoje?

Fundi mwema hatachukia kuulizwa. Atafurahi kupata wa kumsikiliza. Na fundi asiye na jibu hata moja bado hajapima, amekisia. Kukisia kwake tusikulipie sisi. Na iwapo majibu yote yaelekea kuwa sensa ndiyo mbovu, basi inunuliwe mara moja bila ya kuvutana, iwe ya namba ile ile ya kipuri, kwani yenye pua ndefu kuliko kiasi hugongwa na jino, na yenye pua fupi haioni.

MAMBO YA KUTANGULIZA

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mapatano ya kukodi mtambo yafaa yaandikwe mambo manne. Mtambo uje na kitabu chake. Soketi za injini zipakwe grisi ya umeme kabla ya masika. Wakati wa kuosha, maji ya nguvu yasielekezwe kwenye soketi. Na ndoo au kisu kikitaka kuchomelewa, betri zikatwe kwanza na kompyuta ifunguliwe soketi zake kama kitabu kinavyoagiza, maana umeme wa kuchomelea huweza kuiua kompyuta, na bei ya kompyuta haifanani hata kidogo na bei ya sensa.

La tano ni letu sisi wenyewe. Iandikwe pia kwamba siku ambazo mtambo umesimama kwa ubovu wake wenyewe hazihesabiwi katika kodi. Sharti hili likiwamo, kila mtu atakuwa na haja ya kupima mapema, mwenye mtambo kama sisi.

Mwenye kutaka maelezo zaidi, au mwenye mtambo uliosimama kijijini kwake, aiandikie ofisi ya Chama akitaja namba ya hitilafu kama inavyoonekana katika kioo, bila ya kuacha tarakimu hata moja.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama